Vidole Viwili Juu ya Tairi

Jumamosi, 27 Aprili 2024. Misuna, Singida mjini

Hakutakuwa na duru nyingine ya dawa. Amesema hivyo daktari wa Dodoma, kwa simu, asubuhi hii. Nilimuuliza kama huo ni uamuzi wake au wa jopo. Akasema wa jopo. Nikauliza kama duru ya Machi, ile tuliyoikosa, ingebadilisha kitu. Akasema swali hilo halina jibu. Nikauliza muda. Akasema madaktari hawapendi kutaja. Nikamwambia nimefanya kazi ya habari tangu nikiwa msichana, na mtu asiyependa kutaja huwa ana jibu. Akasema: miezi, si mingi.

Obadia alikuwa amekaa barazani, blanketi mabegani, akinitazama usoni badala ya kusikiliza maneno. Mume wangu alikuwa mpima ardhi wa wilaya hadi alipostaafu. Kusoma kitu kwa mbali ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Nilipokata simu hakuuliza daktari kasema nini. Aliuliza mwaka huu alizeti ya Kinampanda itavunwa lini.

Nikasema mwezi wa sita, kama kawaida.

"Basi nipeleke nyumbani, Mama Faith. Kwa gari langu."

Gari lake ni Noah ya kijivu. Liko nyuma ya nyumba, juu ya mawe manne. Halina hata tairi moja.

Jumapili, 28 Aprili

Upepo tangu alfajiri. Mvua naona imeaga.

Alhamisi, 2 Mei

Niandike ilivyokuwa, nisije nikachanganya baadaye. Mwezi wa pili nilikwenda Manyoni kuandika habari ya kikao cha maji. Niliporudi jioni nikakuta Noah iko juu ya mawe. Amosi, mdogo wake Obadia anayebeba mazao kwa gari lake kule Mitundu, alikuwa amekuja mchana na kuzifungua ringi zote na tairi zake. Gari lake nalo ni Noah. Obadia alisema kamwazima. Machi tulikuwa na miadi Dodoma. Kupanda basi Obadia hawezi, mifupa ya nyonga haimruhusu kukaa wima. Gari la kukodi alilikataa, akasema hapandi gari la mtu. Miadi ikapita.

Leo nimempigia Amosi, nikamwambia ringi zinatakiwa. Akasema barabara ya Itigi kwenda Mitundu ilizimaliza wakati wa masika: mbili zimepinda, moja ina ufa, moja ndiyo nzima. Nikamwambia amemvua ndugu yake viatu akiwa mgonjwa, na miadi ikapita kwa sababu yake. Alisema tu, "Sawa, shemeji."

Sitampigia tena.

Jumapili, 5 Mei

Nimempigia mama mkwe, Bibi Luciana, Kinampanda. Baada ya shikamoo na habari za mifugo aliniuliza moja kwa moja mwanawe anakula nini. Nikasema uji. Akasema alizeti imeanza kuinamisha vichwa. Pale kwao mistari ya mwisho ya shamba haikatwi na mtu mwingine ila kifungua mimba wa nyumba, na mbegu ya mwaka unaofuata hutoka hapo. Obadia ameikata tangu baba yake afariki, hata alipokuwa kazini alikuwa akiomba ruhusa.

"Mistari yake nitaiacha imesimama," alisema. "Mwambie."

Nimemwambia. Akauliza mistari mingapi. Sikuwa nimeuliza.

Jumamosi, 11 Mei

Leo tumepima gari.

Nilikuwa nimefikiri ni kazi ya kwenda dukani na kusema namba. Mjini hapa ukitaka ringi unaulizwa jambo moja tu: inchi kumi na nne au kumi na tano? Obadia alisema hiyo ni sawa na kununua kiwanja kwa kuulizwa tu kiko mtaa gani. Nikamtolea kiti kivulini, nikachukua futi, rula ndefu ya mbao aliyokuwa akitumia ofisini, chaki na kitambaa. Yeye hakuweza kuinama. Macho yake na mikono yangu ndivyo vilivyofanya kazi.

Kwanza nifute kutu kwenye habu, pale ringi inapokaa. Nikafuta. Akasema bado. Nikafuta tena.

Pili, stadi, zile boliti zinazotokeza kwenye habu kushika ringi. Ziko tano. Alinieleza kwamba zingekuwa nne ningepima moja kwa moja hadi ya ng'ambo, lakini tano hazina ya ng'ambo. Kila moja inatazamana na nafasi tupu. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanakisia. Unapima kutoka katikati ya stadi hadi katikati ya ile inayofuata baada ya kuruka moja, kisha unapiga hesabu. Nilipata milimita mia na tisa kasoro kidogo. Akafumba macho, akasema duara la stadi ni mia na kumi na nne na nukta tatu.

"Umeijua kabla sijapima," nikamwambia.

"Nilijua inavyotakiwa kuwa. Sikujua kama wewe utaipata."

Tatu, ule uvimbe wa katikati ya habu, unaoingia kwenye tundu la ringi. Sitini. Hili alinifanya nilirudie mara tatu, kwa pande tatu. Uzito wa gari, alisema, uukalie huo uvimbe. Nati kazi yake ni kubana tu. Nne, kina: umbali kutoka uso wa habu kuja nje hadi ukingo wa madigadi, na kwenda ndani hadi springi, huku usukani umekatwa wote kulia, kisha wote kushoto. Nililala chali chini ya gari nikiwa na gauni la nyumbani. Jirani yetu Mama Martina alichungulia juu ya ukuta akauliza kama nimeacha habari nikaingia gereji.

"Kaniajiri mzee," nikamjibu nikiwa chini. "Hanilipi."

Nilipotoka huko, Obadia alikuwa anacheka bila sauti, mkono kooni. Kitambo sikumwona hivyo. Alitaka kujua kama nimesoma futi kwa jicho moja au mawili.

Jumanne, 14 Mei

Upepo. Nimepeleka habari moja. Amekunywa uji nusu kikombe.

Jumamosi, 18 Mei

Derick anauza vipuri vilivyotumika karibu na stendi ya zamani. Ni mtu mzima, ana tumbo na kofia ya pamba, anaongea kama vijana wa mjini. Aliponiona na rula akasema, "Mama, unapima ringi au unashona suti?"

Alinitolea ringi kumi na tano, safi, zinang'aa. Nilipima kutoka tundu hadi tundu kwa kuruka moja: tisini na tano. Nikamwambia si zenyewe. Akasema kumi na tano ni kumi na tano. Nikamwomba tuipeleke moja nyumbani. Tulifika, akaiinua, akaizungusha, akaisukuma. Stadi mbili ziliingia, tatu zikagoma.

Obadia akiwa kitini alimwuliza kwa upole kama anataka kuzishauri stadi zisogee.

Derick alivua kofia. Alisema, "Mzee, nipe vipimo vyako. Nitatafuta."

Jumatatu, 27 Mei

Baridi imeanza kuwa kali. Obadia ameomba kiti kisogezwe dirishani, aione Noah kutoka ndani.

Jumamosi, 1 Juni

Amosi amekuja bila taarifa. Alitoka Mitundu jana, akalala Itigi. Alibeba ile ringi moja nzima, iwe spea. Alinisalimia, "Shikamoo shemeji," nikaitikia, nikaenda jikoni. Alikaa na kaka yake hadi alasiri. Niliwasikia wakiongea Kinyiramba kwa sauti ndogo, na mara moja Amosi alilia. Nilimwona kwenye tundu la mlango. Nikasema moyoni, alie.

Alipoondoka alisimama mbele yangu kama anayetaka kusema jambo. Nikamwambia gari la Itigi litamwacha.

Jumapili, 9 Juni

Bibi Luciana anasema wameanza kuvuna. Mistari ya Obadia ni minne, nimeuliza safari hii. Ndege wameiona. Amemweka mjukuu na debe la kupiga, lakini shule ikifunguliwa hatakuwepo mtu.

"Mnakuja lini?" aliuliza.

Nikasema ringi bado.

"Ringi ndiyo nini?"

Nilimweleza. Akasema mume wake alikwenda Kiomboi kwa punda akiwa na homa ya mapafu, akarudi.

Jumapili, 16 Juni

Uji unapita kwa kijiko kimoja kimoja. Wa kliniki wamekuja kumpima: kilo thelathini na nane.

Jumamosi, 22 Juni

Derick ameleta seti ya pili, nne kamili pamoja na tairi. Nilipima stadi: sawa. Kina: sawa. Upana: sawa. Akazifunga, akashusha jeki, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili Noah ikakanyaga ardhi. Mama Martina alipiga kigelegele kutoka ng'ambo ya ukuta.

Mimi nilikuwa tayari kufunga safari kesho. Obadia akasema gari halipimwi likiwa tupu. Hapa kwetu, alisema, kila mtu ananunua tairi la gari tupu na kusafiri na gari lililojaa, kisha anashangaa tairi likiliwa na madigadi. Akataka waitwe watakaosafiri, wakae kila mtu mahali pake.

Wakaitwa. Mama Martina alikuwa amejitolea kuja kunisaidia kumgeuza mgonjwa. Antipasi, katekista wa mtaa wetu, angekuja kwa ajili ya sala. Gunia la mchele na madumu mawili ya maji vikawekwa nyuma. Derick akakaa kwenye usukani kwa niaba yangu.

Mama Martina alisimama mlangoni mwa gari. "Nikikaa mimi gari litalala chini. Msiseme hamkuambiwa."

"Ndiyo maana umeitwa, mama," Antipasi alisema. "Leo tunapima mzigo."

"Mzigo ni wewe na mahubiri yako. Sogea."

Akaingia, na Noah ikashuka upande wake, Antipasi akajishika kwenye kiti kama yuko kwenye pikipiki. Obadia alikuwa anawatazama kutoka barazani, anafurahi waziwazi. Kisha ikawa zamu yake. Kiti chake ni cha mbele, kushoto. Nilitaka tumshike wawili, lakini Derick alishuka, akampitishia mkono chini ya magoti, akamwinua peke yake. Derick alikuwa ameanza utani fulani njiani. Alipomwinua aliukatiza katikati. Alimweka kitini, akamfunga mkanda, akarudi kwenye usukani bila kunitazama.

"Sasa pima," Obadia akaniambia dirishani.

Nilipiga magoti kwenye tairi la mbele kushoto, upande wake. Kati ya tairi na ukingo wa madigadi viliingia vidole viwili. Cha tatu kiligoma. Usukani ukakatwa kulia, ukakatwa kushoto: halikugusa popote. Nikamsomea. Akasema viwili vinatosha, kwa barabara ya kutoka Misigiri kwenda nyumbani viwili vinatosha kabisa.

Tulikaa hivyo muda kidogo, gari limesimama nyuma ya nyumba, watu wote ndani, mimi nje nimeshika mlango wake. Hakuna aliyeshuka. Mama Martina aliuliza kama tumeshafika Iguguno. Obadia akasema bado, ndiyo kwanza tunatoka mjini, apunguze kula karanga.

Jumapili, 23 Juni

Amezikataa ringi.

Asubuhi aliniomba nipime tundu la katikati. Jana sikulipima. Habu ni sitini, tundu ni sitini na sita. Derick aliitwa, akasema, "Mzee, nusu ya magari ya mji huu yanatembea hivyo."

"Na nusu nyingine?"

"Hiyo haina habari."

Obadia akamwambia ainue tairi la mbele kwa jeki, alizungushe polepole, na mimi niishike chaki bila kuitikisa, karibu na mpira. Tairi likazunguka. Chaki ikaandika upande mmoja tu; upande wa pili ilikuwa hewani. Tukafungua nati, tukafunga upya: chaki ikaandika upande mwingine. Alisema gari linaning'inia kwenye nati. Derick alijitolea kukata pete za bati kujaza nafasi. Obadia akatikisa kichwa.

Derick alipotoka nilimwambia Obadia kwamba ni safari moja. Kwenda tu. Nitaendesha polepole. Mama yake anafukuza ndege peke yake.

"Kutakuwa na watu wanne ndani," alisema. "Na wewe utarudi nalo."

Nikamwambia yeye hatarudi nalo, kwa hiyo asinipimie marejeo yangu. Ndivyo nilivyosema. Alinitazama, akasema, "Nani mwingine atakupimia?"

Nikatoka. Nilikaa kwenye Noah hadi baridi iliponirudisha ndani.

Jumatano, 26 Juni

Masahihisho. Tarehe 2 Mei niliandika kwamba Amosi alizichukua ringi na kwa sababu hiyo miadi ya Machi ikapita. Si kweli. Obadia ndiye aliyempigia simu, akamtaka aje siku ambayo mimi ningekuwa Manyoni, azifungue zote nne na aondoke nazo. Amenieleza mwenyewe leo mchana, kwa vipande, akipumzika baada ya kila sentensi.

Hakutaka kwenda Dodoma tena. Alijua tangu Januari kwamba dawa hazimsaidii. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungekubali?"

Nikamrekebishia mto.

"Gari lingekuwa na tairi, ungenibeba," alisema. "Nakujua."

Nilimpigia Amosi. Nikamwuliza kwa nini amenyamaza miezi yote hii huku namtukana. Alisema, "Kaka alisema nisiseme." Kisha akaongeza kwamba mimi nilihitaji mtu wa kumkasirikia, na yeye yuko mbali, hapotezi kitu. Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, shemeji, niambie kaka kalala vipi.

Kwa hiyo hayo ya Machi nimeyafuta. Amosi hakukosa.

Jumatatu, 1 Julai

Seti ya tatu imefika na basi la Dodoma. Ni ringi za Noah yenyewe. Nimepima kila kitu, tundu la katikati kwanza: sitini. Obadia aliomba aletewe moja kitandani. Tuliifuta, tukaiweka juu ya shuka. Alipitisha kidole ndani ya tundu, akalizunguka lote.

Kisha akaomba nati. Tulizonazo zilikuja na seti ya pili, Derick akatuachia. Midomo yake imechongoka kama ya penseli. Aliniambia niiweke moja kwenye tundu la nati bila stadi, nitazame inakaa vipi. Matundu ya ringi hizi ni bapa. Nati inagusa ukingo tu, kwa uzi mwembamba. Alisema itajifungua yenyewe njiani. Ringi hizi zinataka nati zake za asili, ndefu, zenye washa bapa.

Safari hii sikubishana. Niliuliza ziko wapi.

Ziko Mitundu. Amosi aliziondoa pamoja na ringi, na hajatupa hata moja. Ziko kwenye kopo la maziwa ya unga. Anatoka kesho kutwa, Alhamisi atakuwa hapa. Tumepanga kuondoka Jumamosi tarehe 6, asubuhi jua likishapanda, baridi ipungue. Nimempigia Bibi Luciana. Amesema ndege wamemaliza mistari miwili, lakini miwili ipo.

Jumatano, 3 Julai

Upepo umetulia. Amekunywa maji. Ameniuliza mara mbili leo ni siku gani.

Alhamisi, 4 Julai

Nilikuwa stendi. Gari la Itigi lilichelewa. Obadia ndiye aliyenituma; alisema Amosi akishuka peke yake na lile kopo atapitia kwa Derick kupiga soga. Nilimwacha na Mama Martina, ameegemea mito, dirisha wazi, anaitazama Noah.

Amosi alishuka, kopo mkononi limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa hajamaliza kunisalimia simu ilipoita. Mama Martina alisema, "Mama Faith, njooni." Nilimwuliza kama amefariki. Kazi yangu imenizoesha kuuliza hivyo. Akasema ndiyo, sasa hivi, hata chai aliyomwagiza amchemshie haijachemka.

Nilimwambia Amosi. Aliketi kwenye ukingo wa barabara na kopo mapajani. Watu walitupita.

Tulipofika nyumbani Obadia alikuwa bado anatazama dirishani. Mama Martina alikuwa ameshindwa kumfumba macho, au hakutaka. Nilimfumba mimi.

Ijumaa, 5 Julai

Faith, binti yetu, amefika kutoka Mwanza. Wanawake wamejaa uani, wanaimba. Katikati yao, nyuma ya nyumba, Amosi alifunga ringi. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaulizia pikapu ya kubebea jeneza. Nikawaambia marehemu alisema kwa gari lake. Mmoja akauliza nani alisikia. Nikasema mimi, tarehe 27 Aprili, na nimeiandika. Hawakuuliza tena.

Amosi alikaza nati kwa kuruka moja, kama kaka yake alivyotufundisha sote. Kila nati ilikaa bapa. Akaniita nitazame.

"Alisema zikazwe tena baada ya kilomita mia za kwanza," nikamwambia.

"Najua, shemeji. Aliniambia na mimi."

Jumatatu, 8 Julai

Naandika nikiwa Misuna. Tumerudi jana jioni.

Jumamosi tuliondoka saa tuliyopanga. Viti vya nyuma vilikunjwa, jeneza likaingia hadi karibu na usukani, matawi mabichi mbele ya gari. Niliendesha mimi. Amosi alikaa mbele kushoto, mkono mmoja nyuma juu ya jeneza njia nzima, Faith na wengine wakatufuata kwa basi dogo. Gari halikutetemeka mahali popote. Usukani ulikuwa mwepesi. Kutoka Misigiri barabara ni mbaya, mashimo yamekauka yakawa kama bakuli, na tairi halikugusa.

Bibi Luciana alikuwa amesimama barazani. Shikamoo yangu hakuitikia. Alilizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akauliza, "Ndilo hili mlilokuwa mnalipima?"

Nikasema ndilo.

"Limefika," alisema.

Mazishi yalikuwa saa tisa, kando ya baba yake. Nimeandika mazishi mengi ya watu wengine, na najua kwamba hakuna cha kuandika. Watu walikuwa wengi. Upepo ulipeperusha shuka la meza ya padri.

Jana asubuhi Bibi Luciana alimpa Amosi kisu, akatupeleka shambani. Mistari miwili aliyosema ipo ilikuwa imesimama, vichwa vyote vimeinama. Ndege walikuwa wameimaliza. Ukigeuza kichwa unaona matundu matupu, yamepangwa vizuri. Amosi ndiye mkubwa sasa. Alikata bua moja moja hadi mwisho, mama yao nyuma yake anapokea kila kichwa, anakigeuza, anakitupa. Kimoja kilikuwa na punje katikati. Alizipukuta kwenye pindo la khanga, akafunga fundo. Hakusema ni za nani.

Wakati wa kurudi Amosi aliendesha. Faith amebaki na bibi yake. Nilikaa nyuma na Mama Martina na Antipasi. Kiti cha mbele kushoto hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyesema kisikaliwe. Nyuma kulikuwa na gunia la mahindi tulilopewa na madumu yaleyale ya maji. Misigiri nikamwomba Amosi asimame. Nikashuka, nikawaambia wengine wabaki.

Nilipiga magoti kwenye tairi la mbele kushoto. Walikuwa ndani watu walewale wa tarehe 22, mahali palepale, na Amosi badala ya Derick. Aliyepungua ni mmoja. Niliingiza vidole. Viwili vilipita. Cha tatu kiligoma.

Nikarudia, nikabadilisha mkono. Viwili.

Ningependa kuandika kwamba upande wake gari lilipanda kidogo. Halikupanda. Alikuwa amekonda mno, hata springi hazikujua kama yumo au hayumo.

"Vipi, jirani?" Mama Martina aliuliza dirishani.

Nikamwambia vipimo viko sawa.

Jumatano, 10 Julai

Derick amekuja kutoa pole. Alikunywa chai, akashika kofia mkononi muda wote. Alipokuwa anaondoka nikamwuliza seti ya pili, ile tuliyoikataa, iko wapi. Aliigeuza kofia. Nikamwambia aseme tu.

Alisema aliinunua mtu wa Ihanja siku mbili baada yetu. Ana Noah kama yetu. Kaenda nayo Manyoni, kaenda nayo Kiomboi mara mbili na mizigo, na kesho anakwenda tena. Hajalalamika.

"Kiomboi," nikasema.

"Ndiyo, mama. Njia ileile."

Nimeiandika kama alivyoisema. Kama tungeondoka tarehe 24 Juni angefika, mistari miwili ikiwa na mbegu na yeye macho yakiwa wazi. Pia inawezekana nati ingejifungua kwenye mteremko tukiwa wanne ndani. Nina chanzo cha habari ya kwanza. Ya pili sina chanzo ila Obadia.

Gari liko nyuma ya nyumba, limekanyaga ardhi. Kilomita mia za kwanza zimepita. Amosi anatoka Mitundu Ijumaa. Jumamosi tarehe 13, saa tatu asubuhi, tunakaza nati upya, zote ishirini, kwa kuruka moja.